Usiku wa Unguja: namna ya kupanga safari ya matamasha, taarabu na sherehe za ufukweni

Wengi wanaokwenda Unguja kwa ajili ya starehe hukata tiketi ya boti, wakalipia chumba, na wakishafika ndipo wanauliza usiku kuna nini. Mpangilio huo ugeuze, kwa sababu usiku wa Unguja unafuata mwezi. Kuandama kwake ndiko kunakoleta Ramadhani na Sikukuu. Ukipevuka, kwenye ufukwe wa Kendwa watu hukesha. Na siku hizohizo za mwezi mpevu bahari hupwa mbali sana, kisha ikajaa hadi pale ulipotandika kanga yako. Ukitazama kalenda ya mwezi kabla ya kulipa nauli utapata unachokifuata. Usipotazama, waweza kufika ukakuta muziki umezimwa kisiwa kizima.

Tarehe kwanza

Anza na Ramadhani, maana ndiyo inayogeuza kila kitu. Kila mwaka inarudi nyuma kwa siku 10 au 11 katika kalenda ya kawaida. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na 8 Februari, na mwaka 2028 mwishoni mwa Januari, kutegemea mwandamo. Katika mwezi huo kumbi za disko hufungwa, muziki wa sauti kubwa husimama, migahawa mingi ya mjini haifunguki mchana, na kula au kunywa hadharani kabla ya magharibi kunaweza kukufikisha polisi, uwe Mwislamu au usiwe. Hoteli za kitalii huendelea kuwahudumia wageni wao ndani. Lakini usiku haufi. Baada ya futari na tarawehe watu hutoka nje, Darajani hujaa wanunuzi wa nguo za Sikukuu, na mapishi ya mwezi huo hutayapata kwa wingi namna ile wakati mwingine wowote. Anayekwenda kula na kutembea ataufurahia sana. Anayekwenda kucheza muziki achague mwezi mwingine.

Kisha Sikukuu yenyewe. Unguja husherehekea Idd el-Fitri kwa siku nne, na kwa maoni yangu hakuna tamasha la kisiwani linaloizidi, ingawa halina tiketi wala tangazo. Kuanzia alasiri viwanja vya Mnazi Mmoja hujaa watoto waliovaa nguo mpya, vibanda vya vyakula na wauza vitu vya kuchezea, na shughuli huendelea hadi usiku. Kwenye uwanja wa Kariakoo kuna bembea. Ukienda na mtoto, mwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika kabla hamjatoka nyumbani, kwa sababu msongamano ukishakolea, kupotezana ni jambo la sekunde chache na kelele hazikuachii kusikia ukiitwa. Kumbi zilizokuwa kimya mwezi mzima hufunguka tena, kwa hiyo tiketi ya taarabu ya Sikukuu itafute mapema.

Baada ya kuziweka tarehe hizo, ndipo uyapange matamasha. Sauti za Busara, tamasha la muziki ambalo wengi huliita Busara tu, hufanyika Februari, Mji Mkongwe, tangu mwaka 2004. ZIFF, tamasha la filamu lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998, huwa katikati ya mwaka, na tarehe zake zimekuwa zikihama kati ya Juni na Agosti. Mwaka Kogwa, sherehe ya jadi ya mwaka mpya kijijini Makunduchi, ni Julai. Tamasha la Kizimkazi ni Agosti. Usinunue tiketi ya ndege isiyorudishwa kabla waandaaji wenyewe hawajatangaza tarehe: Busara ya mwaka 2016 haikufanyika kwa kukosa fedha, na waliokwisha kulipa safari walibaki na safari bila tamasha.

Upepo nao una neno. Desemba hadi mwanzoni mwa Machi ni kaskazi, joto kali na mvua chache. Juni hadi Septemba ni kusi, baridi kidogo, na upepo mkali unaopiga mashariki na kusini mwa kisiwa, Paje na Jambiani. Kati ya mwisho wa Machi na Mei ni masika. Hoteli kadhaa za ufukweni hufunga, na hata iliyo wazi haiwezi kukuhakikishia usiku mmoja mkavu. Vuli ya Novemba ni mvua za vipindi, huja zikapita.

Chumba na boti

Boti za kasi kutoka Dar es Salaam huchukua takriban saa mbili, na ya mwisho huondoka alasiri. Wakati wa Busara na Sikukuu hujaa siku kadhaa kabla, hivyo kata tiketi ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja. Jina la kwenye tiketi lilingane na la kwenye kitambulisho, na uwe bandarini saa nzima kabla. Asiye Mtanzania ahakikishe pasi yake, na pia bima ya safari ya Zanzibar iliyofanywa ya lazima kwa wageni tangu Oktoba 2024. Wakati wa kusi mkondo huchafuka. Kama tumbo lako si la bahari, kunywa dawa ya kichefuchefu saa moja kabla ya kupanda, na ukae ghorofa ya chini, katikati au nyuma. Watu wanaopanda mbele ili waone vizuri ndio wanaotapika.

Chumba kwa ajili ya Busara kishike miezi miwili au mitatu kabla. Shangani na mitaa inayoizunguka Ngome Kongwe, panapofanyika tamasha, ni ya gharama kubwa, ila unatoka tamashani ukafika kitandani kwa dakika tano. Malindi ni nafuu kidogo. Ng'ambo, yaani Michenzani, Kikwajuni na Mlandege, ni nafuu zaidi, na kwa miguu si zaidi ya nusu saa hadi Forodhani. Kabla hujalipa uliza mambo matatu: je, lango hufungwa saa ngapi usiku na nani hulifungua, je, kuna jenereta, na dirisha linatazama wapi. Nyumba nyingi za wageni za Mji Mkongwe zina mlango mkubwa wa mbao unaokomewa, na mlinzi akishalala utagonga hadi uamshe mtaa.

Forodhani kabla ya muziki

Bustani ya Forodhani iko mbele ya Ngome Kongwe, unavuka barabara tu, kwa hiyo mlo wa usiku wa tamasha ni hapo. Fika kabla ya magharibi, wakati vijana wanaruka baharini kutoka ukutani. Februari jua hutua karibu saa 12:45, Novemba karibu saa 12:15. Meza huanza kupangwa jua linapozama.

Zunguka bustani nzima mara moja bila kununua. Unatafuta mambo mawili: meza yenye moto wa mkaa unaowaka kweli, na meza ambayo wenyeji wamejipanga. Vyakula vya baharini vilivyopambwa mbele, pweza, ngisi, kamba na samaki wa vipande, mara nyingi vimekwisha kupikwa nusu na vinangoja kupashwa. Hapo ndipo matumbo yanapoharibika: kipande kilichokaa kwenye joto la Februari kwa saa tatu, kikapitishwa motoni dakika moja, kina moto nje na uvuguvugu ndani. Vya baharini viliwe mapema, kabla ya saa 2 usiku, na mwambie mpishi arudishe kipande motoni mpaka kitoe mvuke katikati. Ukichelewa, kula vinavyotengenezwa mbele ya macho yako. Pizza ya Zanzibar ni salama zaidi saa zile. Donge la unga linatandazwa jembamba, ndani nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili hoho na yai, linakunjwa na kukaangwa kwenye chuma kipana mpaka lipate rangi. Mpishi akiwa na haraka, yai la katikati hubaki bichi, kwa hiyo mwache amalize dakika zake. Urojo nao, pamoja na kachori, bajia, viazi, mshikaki, chatne ya nazi na chipsi za muhogo, ni mlo kamili kwa bei ndogo.

Bei ulizwe kabla ya chakula kuwekwa kwenye sahani, na iulizwe kwa kijiti kimoja. Muuzaji hodari atakujazia sahani huku akikusifia kila kitu, kisha atakupigia hesabu ya jumla. Sema unataka nini na kiasi gani, na mkono wake ukizidi, mzuie palepale. Juisi ya miwa iliyosagwa pamoja na ndimu na tangawizi ni lazima uionje. Kama tumbo lako ni jepesi, ikatalie barafu. Pombe haiuzwi Forodhani na haifai kuletwa. Anayetaka kinywaji huku akitazama jua likizama aende kwenye baa za hoteli za upande wa bahari.

Ndani ya Ngome Kongwe

Ngome hii ilijengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, na sasa ndiyo nyumba ya matamasha makubwa mawili ya Unguja. Jirani yake, Beit al-Ajaib, iliporomoka sehemu mnamo 25 Desemba 2020, kwa hiyo usipange kukutana na wenzako barazani pake kama miongozo ya zamani inavyosema. Kutanieni kwenye lango la Ngome, na mkubaliane saa kabisa, maana watu wakijaa simu hazishiki.

Tiketi za Busara hutofautiana kwa uraia, na Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni wa mbali, ndiyo maana kitambulisho kinatakiwa ubebe. Kata ya siku zote ikiwa utahudhuria zaidi ya usiku mmoja, ukabadilishe upate utepe wa mkononi mchana wa siku ya kwanza. Foleni ya jioni ndiyo inayowafanya watu wakose msanii wa kwanza, na mara nyingi huyo wa kwanza ndiye kundi la Zanzibar ambalo hutalisikia kwingine. Siku ya ufunguzi kwa kawaida kuna maandamano ya beni, yaani bendi ya matarumbeta, na ngoma kuingia mjini hadi Forodhani. Hayana kiingilio. Yafuate kwa miguu ukiwa pembeni, si mbele ya matarumbeta, na usijaribu kupita na gari mitaa hiyo saa hizo.

Muziki wa Busara hupigwa moja kwa moja, hakuna anayeimba juu ya kanda. Hilo lina gharama yake: kati ya kundi na kundi kuna kubadilisha ala na kupima sauti, na ratiba huteleza. Ukiwa na msanii mmoja unayemtaka hasa, uwe ndani saa nzima kabla ya muda wake, na usitoke kwenda kula dakika kumi kabla. Muziki pia hunyamaza wakati wa adhana. Tumia mapumziko hayo kununua maji.

Mahali pa kusimama ndipo penye tofauti kati ya usiku mzuri na wa kelele tupu. Kuta za mawe hurudisha sauti, na ukikaa karibu na ukuta wa pembeni utasikia besi ikivuma huku maneno hayaeleweki. Mbele kabisa ya spika utaumiza masikio, na mlio utaupeleka nyumbani. Tafuta kibanda cha fundi mitambo, halafu simama hatua chache mbele yake, katikati. Yeye anapanga sauti kwa masikio yake akiwa pale, kwa hiyo pale ndipo inapokaa sawa. Viti ni vichache, hivyo beba kanga ya kukalia na viatu vya kufunika vidole, maana usiku wa kucheza hukanyagwa. Beba pia betri ya akiba ya simu, na tochi kwa ajili ya vichochoro, umeme ukikatika.

Ukitoka baada ya saa 6 usiku, pitia Barabara ya Kenyatta au mtaa wenye maduka na taa, mkiwa wawili au zaidi. Vichochoro vya Mji Mkongwe vinapendeza mchana. Usiku mgeni hupotea, na anayesimama kutazama ramani kwenye simu ameonyesha kwamba ni mgeni na ana simu.

Taarabu: kukaa na kutunza

Taarabu asilia husikilizwa kwa kukaa. Udi, ganuni, fidla, akodiani, nai na dumbaki huingia taratibu, na utangulizi wa ala unaweza kwenda dakika kadhaa kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Ukizungumza wakati huo utaonekana hukulelewa. Vikundi vya kuulizia mjini ni Ikhwani Safaa, kilichoanza mwaka 1905, na Culture Musical Club, cha mwaka 1958. Huwapati kila usiku. Hupiga kwenye Sikukuu, matamasha, shughuli maalumu na baadhi ya hoteli. Uliza mwenyeji wako wiki hiyohiyo, usitegemee ratiba ya mwaka jana.

Kutunza, yaani kumpa mwimbaji pesa akiwa anaimba, kuna taratibu zake. Mchana ule vunja pesa upate noti za 1,000 na 2,000, maana noti moja kubwa inakwisha kwa safari moja, wakati raha ni kwenda mara nyingi. Noti ishike mkononi, itokeze kidogo. Nenda polepole kwa mwendo wa wimbo, mpe mwimbaji mkononi, kisha rudi kwenye kiti. Usimrushie, na usisimame mbele yake ukapiga picha. La kuangalia zaidi ni mstari unaotunzia. Nyimbo nyingi zimejaa mafumbo, na aliyeinuka kutunza kwenye beti la kumsema mke mwenzi au jirani mbaya huhesabiwa kuwa ameyachukua maneno yale akamtumia mtu aliyemo ukumbini. Mgeni asiyejua nani amegombana na nani atunze kwenye kiitikio.

Taarabu ya harusini ni ya wanawake. Mwanamume haingii, na mwanamke aliyealikwa asipige picha bila kuruhusiwa na mwenye shughuli, kwa kuwa walioko ndani wamevua mabuibui wakijua hakuna jicho la nje.

Kendwa usiku wa mwezi mpevu

Sherehe ya Kendwa Rocks, hoteli ya ufukweni kaskazini magharibi mwa kisiwa, hufanyika Jumamosi iliyo karibu zaidi na mwezi mpevu, na ina kiingilio. Sarakasi, ngoma na michezo ya moto hutangulia, DJ huja baadaye, na ufukwe hukolea kati ya saa 6 na saa 8 usiku. Aliyefika saa 2 akijichosha kwa vinywaji hukosa sehemu nzuri.

Sasa maji, ambayo wageni wengi hawayahesabu. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya Unguja hupwa karibu saa 4 na kujaa karibu saa 10, mchana na usiku, na tofauti ya kimo hupita mita 3. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa dakika 40 hadi 50. Kwa kanuni hiyo unaweza kuupanga usiku wako kabla hujatoka nyumbani. Mwezi ukipevuka Jumamosi yenyewe, saa 4 usiku ufukwe ni mpana kupita kiasi, baada ya saa 6 maji yanarudi, na saa 10 alfajiri yamefunika mchanga mliouchezea. Ukiwa ulipevuka Jumatano iliyopita, kila kitu huchelewa: maji hupwa saa 6 na nusu na kujaa alfajiri kumekucha. Ukiwa utapevuka Jumanne ijayo, hesabu inarudi nyuma, na maji yanajaa karibu saa 8 usiku, wakati muziki uko kileleni. Usiku wa namna hii weka vitu vyako juu ya mstari wa mwani mkavu tangu mwanzo. Mstari huo unaonyesha maji ya jana yalifika wapi, na bamvua linapokaribia kilele, ya leo yanaweza kupita hapo. Simu, viatu na mikoba inayopotea kwenye sherehe za ufukweni haichukuliwi na wezi peke yao.

Kwa sababu hiyohiyo, usitembee ufukweni usiku kutoka Kendwa kwenda Nungwi. Maji yakijaa njia hukatika penye miamba, na ukishafika katikati huna pa kupanda. Isitoshe, kipande hicho ni kitupu na watu wameporwa. Pita barabarani kwa gari. Kuogelea usiku pia acha kabisa. Maji yanayopwa huvuta kwenda nje, muziki unameza sauti ya anayeita, na hakuna mwokoaji anayeona mita ishirini mbele.

Chumba cha Kendwa chagua kwa upepo. Sauti huenda na upepo: wakati wa kusi muziki unasukumwa kaskazini, kwa hiyo anayetaka kulala achukue hoteli iliyo kusini mwa sherehe, na wakati wa kaskazi afanye kinyume. Umbali wa mita 300 upande sahihi hukulaza vizuri zaidi kuliko mita 600 upande usio wake.

Kufika, daladala namba 116 huenda Nungwi na kukushusha njia panda ya Kendwa, kisha karibu kilomita mbili hadi ufukweni. Stendi ya magari ya shamba, yaani yaendayo vijijini, ilihamishwa kutoka Darajani, hivyo muulize mwenyeji ilipo sasa. Daladala ni za mchana, usiku wa manane hakuna. Asiyelala Kendwa akubaliane na dereva mapema: bei ya kwenda na kurudi, saa ya kuondoka, na kwamba atasubiri. Lipa nusu mwanzo, nusu mkifika mjini, na upige picha namba ya gari. Wanne mkichangia, gharama inavumilika. Teksi ya kutafuta saa 9 usiku itakutoza itakavyo. Na kabla ya kupanda mtazame dereva usoni: kama amekesha akinywa, lala hapohapo Kendwa hata kama ni kwenye kiti cha ufukweni. Barabara ya kaskazini usiku ina baiskeli zisizo na taa, ng'ombe na matuta.

Makunduchi, Julai

Mwaka Kogwa ni sherehe ya wenyewe, na mgeni anakaribishwa kwa moyo. Nyumba isiyopata mgeni siku hiyo huhesabiwa kuwa imekosa baraka. Fika asubuhi. Wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa mapande ya migomba ili kumaliza chuki za mwaka, kisha kibanda cha makuti huchomwa moto na watu hutawanyika mbio. Simama upande upepo unakotoka, si unakoelekea. Kwa kuwa Julai ni kusi, huo ni upande wa kusini wa kibanda. Usimvute mwanao mbele apate picha. Wanawake huzunguka wakiimba kwa kanga zao bora, na nyimbo hizo huwa na maneno ya wazi. Sikiliza, usitafsiri kwa sauti. Usiku kuna ngoma na disko. Vaa kama unakwenda harusini kijijini, mabega na magoti yafunikwe, na panga gari la kurudi kabla hujaenda, kama ulivyofanya Kendwa.

Mwili, pesa na kurudi

Nguo ya kuogelea ni ya ufukweni. Ukiingia kijijini au Mji Mkongwe jifunge kanga au vaa kitu kinachopita magoti. Wapenzi wasikumbatiane barabarani. Bangi ni kosa la jinai, na papasi, yaani kijana anayewaandama wageni mitaani akiuza hiki na kile, anayekuuzia anaweza kuwa ndiye atakayekuripoti. Papasi wenyewe huondoka ukisema "asante, nimeshapata" bila kusimama. Ukisimama kujieleza umeanza mazungumzo. Mwongozaji wa kweli ana kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii.

Glasi yako usiiache. Ukienda chooni, nunua nyingine. Kwa kila glasi ya pombe kunywa ya maji, maana jasho la Februari halionekani gizani na watu huzimia wakidhani wamelewa. Tembea na ndala hata mchangani, kwa ajili ya vigae vya chupa na wanyama wenye miba kwenye mwamba. Ukikatwa na mwamba, osha kwa maji safi na sabuni usiku huohuo, usingoje asubuhi, kwa kuwa kidonda cha matumbawe huoza haraka. Kaskazini kuna hospitali ya Kivunge, njiani kurudi mjini, na mjini kuna Mnazi Mmoja. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Mashine za fedha ziko nyingi mjini na chache ufukweni, na wikiendi ya tamasha huishiwa. Toa fedha Alhamisi. Nauli ya kurudi iweke mfuko wa peke yake, usiichanganye na ya vinywaji.

Boti ya Jumapili baada ya Kendwa usikate ya saa 1 asubuhi. Kutoka Kendwa hadi bandarini ni zaidi ya saa moja kwa gari, na bandarini unatakiwa mapema, kwa hiyo ungelazimika kuondoka ufukweni saa 10 alfajiri, ukavuka mkondo bila usingizi na tumbo likiwa na pombe. Kata ya mchana. Lala hadi saa 3, kunywa supu, kisha ndipo uingie barabarani.